Swali la Upepo na Nyumba za Uwazi

Siku msanifu aliponiomba nisimame mbele ya mkutano wa kijiji nimtafsirie kwa Kisukuma, nilipaswa kumwambia atafute mtu mwingine. Sababu nilikuwa nayo. Kati ya kaya zilizokuwa zinahamishwa kupisha mgodi, huko upande wa Geita, mojawapo ilikuwa ya Mzee Nkwabi, baba wa mke wangu. Lakini nilikubali, tena nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Nilikubali kwa sababu ya kofia. Vibarua walivaa kofia ngumu za njano, mafundi za bluu, wakubwa nyeupe. Wiki ile nilikuwa nimepewa nyeupe. Mimi mtoto wa mfuga ng'ombe, niliyeishia kidato cha nne, nilikuwa nimefanywa msimamizi wa ujenzi wa nyumba zote mpya, na nilikuwa naivua kofia ile wakati wa kulala tu. Mtu mwenye kofia nyeupe akiombwa jambo na msanifu, anaona kukataa ni kuirudisha.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaojifunza kuchora na kujenga. Najua mna kompyuta zinazoizungusha nyumba kabla haijawa na msingi. Sina ugomvi nazo. Ninachotaka kuwafundisha ni kushuku. Ushuku udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi unapasuka hadi mguu unazama na masika unavimba na kuinua msingi. Ushuku tofali linalopendeza. Ligonge na jingine, likilia kama chungu limeiva, likitoa sauti ya kiazi lirudishe kwa aliyelichoma. Ushuku pembe inayoonekana imenyooka. Pima tatu upande huu, nne upande ule, tano kwa mshazari, kisha pima tena. Na kuliko hivyo vyote, ushuku mstari uliochorwa kwenye karatasi, kwa sababu kila mstari umetoka kwenye wazo la mtu fulani kuhusu namna watu wanavyopaswa kuishi. Mara nyingi mtu huyo hayupo, na mchoraji mwenyewe hajui kwamba analibeba wazo lake.

Mimi nilifundishwa kazi Songwa na Fundi Ndalahwa, mtu mfupi mwenye sauti ya dalali wa mnada. Huyu hakuwahi kutamka neno falsafa maishani mwake. Akipewa kazi ya nyumba, alipiga vigingi na kufunga kamba mahali kuta zitakapokuwa, halafu badala ya kuchimba, alimwita mama mwenye nyumba na kumpa ndoo tupu.

"Haya mama, umeamka. Watoto wamelala. Nenda kachukue maji."

Mama anacheka, anaona haya, anaanza kutembea. Akivuka kamba mahali pasipo mlango, Ndalahwa anapiga kelele, "Umepita ukutani mama! Tunakuzika kesho!"

Watu wote wanacheka, na yeye anasogeza kigingi. Kisha anamwita baba, anamwita bibi, kila mtu anatembea siku yake nzima ndani ya kamba. Alikuwa na maswali matatu ambayo lazima yajibiwe kabla jembe halijagusa ardhi: nani anaamka wa kwanza, moshi unaenda wapi, na nani hapaswi kukutana na nani. Hilo la tatu aliliuliza kwa sauti ndogo, kila mtu peke yake pembeni.

"Kamba hainuni," aliniambia. "Ukuta ukishausimamisha, kuusogeza ni vita."

Nilimwona mshamba. Nilipoanza kujitegemea pale Tinde niliacha habari za kutembeza watu kwenye kamba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyumba ya mwalimu mstaafu. Nilimwekea madirisha makubwa upande wa magharibi ili wapita njia waone vioo. Kuanzia saa tisa alasiri sebule ile ilikuwa haikaliki. Mwalimu akawa anapokea wageni uani, na kila nikipita barabarani ananiita, "Fundi Tanuri, karibu uonje kazi yako!" Jina hilo lilinifuata mpaka Kahama. Lakini mwalimu alikuwa na mlango wa kutokea nje, akaishi. Makosa yanayorekebishika kwa kiti na kivuli ni makosa ya bahati.

Sasa niwaeleze huyu msanifu. Nitamwita Fanuel. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyesalimia hadi wapika uji. Sitaki mumchukie, mkimchukia mtakuwa hamjanielewa. Alikuwa amesoma sana, na tofauti na wasanifu wengi niliowafanyia kazi, yeye alikaa nasi wakati wa chai akatueleza kwa nini amechora alivyochora.

Alisema wapo wanafikra waliofundisha kwamba mtu haji duniani akiwa amekamilika kisha akatafutiwa nyumba. Nyumba ndiyo inayomfinyanga. Ukimlaza mtoto kwenye chumba chenye pembe ya mkubwa na pembe ya mdogo, atakua akijua kuinama. Kwa hiyo ukitaka watu wawe sawa, wape nafasi isiyo na pembe za kuogopana. Wengine walifundisha kwamba jengo lisidanganye: kama ni tofali lionekane tofali, kama ni nguzo ionekane nguzo. Yote haya aliyafunga katika neno moja, uwazi.

"Fundi," alinieleza siku moja, "ukuta ni kitu cha kuficha. Kila unapoondoa ukuta unaondoa uongo mmoja."

"Na bati litashikwa na nini, msanifu?"

Alicheka sana. "Litashikwa na nguzo, fundi. Nguzo hazidanganyi."

Kutoka kwenye neno lile zikatoka nyumba. Chumba kimoja kikubwa katikati. Vyumba vya kulala vyote vinafungukia humo. Jiko halina ukuta, mpishi anaonekana. Choo na bafu ndani, mlango wake unatazama katikati. Kuta hazikupigwa plasta. Wanawake waliokuja kuangalia nyumba ya mfano walisema imetoka kuoga haijavaa. Na mlango wa kutokea nje ulikuwa mmoja tu, wa mbele.

Kwenye mchoro wa kwanza niliounakili mimi kwa usafi, nilikuwa nimetia mlango wa nyuma bila kufikiri, kama mtu anavyotia mkono kwenye shati. Fanuel aliuzungushia penseli nyekundu.

"Huu wa nini?"

"Wa uani, msanifu."

"Nani anautumia?"

"Akina mama. Watoto."

"Unaona?" alisema, wala hakuwa na ukali. "Kwa hiyo baba ana mlango wa mbele na mama ana mlango wa nyuma. Tunawajengea watu nyumba mpya ili mama aendelee kupita nyuma?"

Mpaka leo naona hoja yake ilikuwa na kitu ndani. Mama yangu alipita mlango wa nyuma maisha yake yote, na sikumbuki kumwuliza kama aliupenda. Lakini nilijua mlango ule una kazi nyingine ambayo hakuijua, na sikumwambia. Nikafuta.

Kazi yenyewe ni hii. Kwa watu wetu, mzee na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kutokukutana. Hawakai mkeka mmoja, hawapishani kwenye upenyo mwembamba, na mzee hawezi kuonekana na mkwewe akielekea msalani. Uani ndiko kunakoyamaliza hayo: huyu anatokea huku, yule anatokea kule, kila mmoja anakohoa kidogo kabla ya kona. Kaya ya Mzee Nkwabi ilikuwa na vijumba vitatu na ua katikati, na yeye aliishi humo na mwanawe Shija na mke wa Shija, Kabula, kwa miaka mingi bila kuaibishana hata siku moja. Sasa walikuwa wanapewa nyumba moja yenye mlango mmoja na choo kinachotazama sebule.

Mkutano ulifanyika chini ya turubai la mgodi. Fanuel aliongea Kiswahili kizuri, na mimi nikamfuata kwa Kisukuma. Alipofika kwenye neno lake, uwazi, nilisita. Nililijua neno la Kisukuma ambalo lingelibeba sawasawa, na ni lile tunalomwambia mtu aliyekaa vibaya nguo ikapanda. Ningelisema, mkutano ungekufa palepale, na labda ulipaswa kufa. Nikasema mwanga. Nikawaambia msanifu amewachorea nyumba zenye mwanga.

Wakapiga makofi. Fanuel alinitazama kwa furaha, akidhani wamepigia makofi uwazi.

Ndipo Mzee Nkwabi aliposimama. Alivua kofia yake, akaegemea fimbo, na hakunitazama, kwa sababu mimi nami ni mkwe wake. Aliongea kwa Kisukuma, akiwaelekea watu wa mgodi.

"Nimesikia habari ya mwanga, nashukuru. Mimi naomba kuuliza kidogo tu. Upepo utatokea wapi?"

Hapakuwa na Msukuma chini ya turubai lile ambaye hakuelewa. Mzee hawezi kusimama mbele ya watu wazima, mkwewe Kabula akiwa amekaa mstari wa tatu, akauliza atapita wapi kwenda chooni. Aliuliza upepo. Alikuwa anauliza mlango wa nyuma uko wapi. Na alijua mtafsiri ni mume wa binti yake, kwa hiyo aliamini kwamba swali limefika mikononi mwa mtu wa nyumbani.

"Anasemaje?" Fanuel akauliza.

Nikasema, "Anauliza upepo utatokea wapi."

"Swali zuri sana!" Akasimama, akaanza kuchora hewani kwa mikono. Akaeleza vioo vya luva vinavyofunguka vipande vipande, jinsi hewa ya moto inavyopanda na kutokea matundu ya juu, jinsi nyumba itakavyopumua yenyewe. Nikatafsiri yote, neno kwa neno, sijawahi kutafsiri vizuri namna ile. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wabeja," alisema. Asante. Akavaa kofia, akakaa.

Nyuma yake mama mmoja alinong'ona, "Kauliza upepo, kapewa upepo," na wenzake wakajifunika midomo kwa kanga. Nilisikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Msanifu, samahani, nimekosea, mzee anauliza jambo lingine." Ni sentensi fupi. Nilifikiri juu ya penseli nyekundu, nikafikiri juu ya ile kofia, nikamwita muulizaji aliyefuata.

Baadaye nilijidanganya kwamba tatizo ni mawazo ya kigeni. Basi miaka miwili mbele nikafanya kazi nyingine, upande wa Shinyanga, ofisi moja ndogo ya umma, na mtaalamu wake alikuwa na imani kinyume kabisa. Huyu alisema roho ya Msukuma ni duara, kwamba kona zililetwa na wageni na zimetuharibu. Nilifurahi, nikasema huyu ndiye wetu. Tukajenga ofisi ya duara, juu ikaezekwa nyasi. Siku ya kukabidhi, karani aliingia na kabati la mafaili, akalisogeza ukutani, likagusa kwa ncha mbili. Akalisogeza kushoto, vivyo hivyo.

"Wazee wetu waliweka wapi mafaili?" akaniuliza.

"Wazee wetu hawakuwa na mafaili."

"Basi na hii ofisi mngewapa wao."

Mpaka niliposikia mara ya mwisho, kabati lilikuwa katikati ya chumba, na karani anafanya kazi akilizunguka. Mmoja alitaka kutufanya watu wapya, mwingine alitaka kutufanya watu wa kale, na hakuna kati yao aliyempa mtu ndoo tupu akamwambia atembee.

Nami pia nilikuwa na falsafa yangu, sikujua tu kuwa inaitwa hivyo. Shuleni niliwahi kuionea aibu nyumba ya mama yangu kwa sababu ilikuwa ya duara na ya udongo. Nikaapa kujenga vitu vyenye kona. Kwa moyo huo nilimwamini kila aliyekuja na karatasi iliyopigwa mhuri, na nikamdharau kila aliyeongea kwa mafumbo. Kwa hiyo mkianza kushuku, anzeni na mawazo mliyokuja nayo wenyewe kutoka nyumbani.

Narudi kwa Mzee Nkwabi. Walihamia mwezi wa sita. Mtauliza kwa nini Shija hakutoboa ukuta akaweka mlango. Karatasi waliyoitia vidole gumba ilisema nyumba isibadilishwe chochote mpaka kipindi cha uangalizi kiishe, na mwangalizi, mwenye daftari na kofia nyeupe, nilikuwa mimi.

Nilipita pale kama kazi, si kama mkwe. Nikamkuta mzee amekaa nje kwenye kigoda, upande usio na kivuli, ili Kabula awe huru ndani. Akitaka kuingia anasubiri Kabula atoke. Kabula naye akitaka kutoka anasubiri mzee aondoke mlangoni. Walikuwa wanasubiriana siku nzima kama magari mawili kwenye daraja jembamba, bila mmoja wao kuweza kumwambia mwenzake pita.

"Mwadila, baba," nilimsalimu kwa mbali. "Nyumba inaendeleaje?"

"Nzuri. Ina mwanga." Alisogeza kigoda chake. "Labda ni mimi sijaizoea."

Kabula ndiye aliyenieleza siku nyingine, macho yake yakiwa chini. "Shemeji, baba hanywi maji."

"Hanywi kwa nini?"

"Anakunywa kikombe kimoja asubuhi. Basi. Ili asije akahitaji kuingia." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nimemwambia Shija mimi nirudi kwetu. Shija amekataa. Niambie shemeji, nifanye nini? Niondoke ili mzee anywe maji?"

Nilimwambia awe na subira, nitazungumza na wakubwa. Sikuzungumza nao. Shija alipomjengea baba yake kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na choo cha shimo pembeni, nilikiandika kwenye daftari, kwa sababu ukaguzi ulikuwa unakuja na nilitaka mistari yangu iwe safi. Wakaja watu na barua, wakakibomoa. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na barua.

Mzee hakugombana na mtu. Alikusanya nguo zake, akasema anakwenda Bukombe kumsalimia mtoto wa dada yake, ambaye bado ana kaya ya zamani yenye ua. Hakurudi. Alikuwa ameshadhoofika alipofika, maumivu ya ubavuni na mkojo wa damu, na alikataa kurudishwa Geita akatibiwe akikaa katika nyumba ile. Alifariki kabla ya mvua za vuli.

Kwenye msiba Shija alimsimulia dada yake, yaani mke wangu, Mama Kulwa, habari za mkutano. Yeye hakuwepo siku ile. Alikuwa Tinde akilima. Tulipokuwa tumerudi nyumbani alinikuta napanga vitabu vyangu vya michoro, akasimama mlangoni.

"Baba Kulwa. Shija anasema baba aliuliza upepo."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyekuwa unatafsiri."

"Ndiyo."

"Hukuelewa?"

Ningeweza kusema sikuelewa. Kelele za spika, watu wengi, mtu anaweza kukosa kuelewa. Nilitamani sana aniamini. Lakini yeye ni binti wa mzee yule, lugha ile aliinyonya kwa mama yake, na alikuwa ananitazama usoni.

"Nilielewa," nikamwambia.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Ulielewa ukamjibu luva?" Alitamka neno hilo, luva, kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. Kisha akaenda kukamua ng'ombe, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imefika.

Fanuel alinipigia simu mwaka uliofuata. Alikuwa amesikia kwa watu. Aliniuliza kwa nini sikumwambia, akasema angechora mlango siku hiyohiyo, ingekuwa kazi ya nusu saa. Namwamini. Baada ya kipindi cha uangalizi kuisha, nyumba zile nyingi zilitobolewa nyuma, na nimezipita mwenyewe nikaona milango ya kila aina, ya mbao, ya bati, mingine ni pazia tu. Nyumba ziko vizuri sasa. Watu wanaishi.

Mimi naishi Tinde peke yangu. Mama Kulwa alihamia kwa binti yetu Kahama baada ya arobaini ya baba yake, na hajarudi. Watoto wakija kunisalimia wanakaa kidogo, kila mmoja anaangalia saa yake. Kwa kusimama kwenye mkutano ule na kulitafsiri swali la upepo kama upepo, nilimpoteza baba mkwe aliyekufa kwa kuogopa kunywa maji, na nilimpoteza mke wangu, ambaye yuko hai na hataki kunisikia.